Siku Mama Alipomfungua Jairo

Harufu ya karanga zilizokaangwa kwa chumvi, ikichanganyika na ile ya karatasi kuukuu, ndiyo iliyonibakia kutoka mwaka ule wa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tuliishi Kaloleni, mtaa wa mashariki mwa jiji, katika nyumba ya mawe yenye paa la vigae, na baba alikuwa karani katika karakana ya reli. Nyuma ya ukumbi wa mtaa, ambao sote tuliuita holi, alikaa mama mmoja aliyeuza karanga. Karatasi za kuzifungia alizichana kutoka vitabu chakavu vilivyotupwa na wauzaji wa Barabara ya Jogoo. Alikuwa na mazoea ya kuanza kuchana kutoka nyuma, akikunja kila ukurasa kama pembe. Jioni moja kaka yangu Jairo, aliyekuwa katika kidato cha tatu, alimaliza karanga zake, akaikunjua pembe na kuisoma akiwa amesimama. Kisha alirudi kwa yule mama akaomba kitabu kilichobaki. Alikipata kwa kubadilishana na magazeti ya baba. Hakikuwa na jalada wala jina la mwandishi, na mwisho wake ulikuwa umekwisha gawanywa kwa wateja waliotangulia.

Niseme mapema kwamba sitaandika hapa ila nililoliona kwa macho yangu au kulisikia kutoka kinywa cha aliyelitenda. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Mimi nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba mengi yasemwayo hayapo, na mtaa wetu ulijaa yasemwayo. Hata mwisho wa riwaya hiyo nilisimuliwa baadaye na watu kadhaa, kila mmoja na mwisho wake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekisoma kitabu chenyewe.

Ilikuwa riwaya ya Kiingereza, nayo ilihusu mji wa siku zijazo. Vijana wa mji huo walikuwa wakipiga watu kwa kujifurahisha, na walizungumza lugha waliyoitunga wenyewe ili wazee wasiwaelewe. Serikali ilipochoka nao, iliamuru kila kijana aliyekamatwa apasuliwe kifua na kuwekewa kengele ndogo, ambayo ingelia kila alipowaza kumdhuru mtu, na mlio wake ulikuwa na maumivu yasiyovumilika. Mji ukatulia. Vijana wakawa wapole, wakaamkia wazee, na hakuna aliyeweza kusema kama upole ule ulikuwa wao au wa kengele. Hapo ndipo kurasa zilipokatika. Jairo aliwasomea rafiki zake kitabu hicho kwenye ngazi za holi, akikigeuza kuwa Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, kadiri alivyosoma, nami, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, nilikaa ngazi ya chini nikisikiliza.

Hawakukipendea kengele. Walikipendea lugha. Sheng walikuwa nayo tangu kuzaliwa, lakini Sheng ilikuwa ya Eastlands nzima, mitaa yote ya upande wetu, nao walitaka maneno ya ngazi zile tu. Jairo ndiye aliyekuwa fundi wa kuyatunga. Kumpiga mtu kuliitwa kupiga pasi. Damu ilikuwa chai ya rangi, kisu kilikuwa kalamu, na mtu aliyekusudiwa kupigwa aliitwa mgeni. Jumamosi moja mchana nilikuwa nimekaa juu ya ukuta karibu na bomba la maji, na chini yangu alikuwepo mzee Barasa, mshona viatu, aliyekuwa amemkemea mmoja wa vijana wale mbele ya wasichana. Walikuja wakicheka. Jairo alimshika mzee mikono kwa nyuma, na wengine wakampiga pasi. Mmoja alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," wakacheka tena. Nakumbuka kwamba sikuogopa. Niliona chai ya rangi ikichuruzika kwenye aproni ya ngozi, na kwa kuwa niliiona kwa neno lile, haikunigusa. Niliendelea kula karanga. Mzee Barasa aliokota sindano zake moja moja, akaenda nyumbani, na hakushona kiatu tena mtaani kwetu.

Wazazi walikutana holini Jumapili iliyofuata, baada ya ibada. Wengi wetu tulikuwa watu wa magharibi mwa nchi, watu wa kanisa, na hakuna baba aliyetaka mwanawe apelekwe mahakama ya Makadara, ambako mtoto huingia na kosa moja na kutoka na elimu ya makosa kumi. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akapendekeza kiapo. Kila mama avue kitambaa cha kichwa, akitandike sakafuni, na mwanawe akivuke bila viatu akisema kwamba siku atakayomwinulia mtu mkono, mama yake aanguke asiinuke. Sijui desturi hiyo ilitoka wapi. Wengine walidai ni ya kwetu, lakini baba, aliyezaliwa na kulelewa huko, alisema hakuwahi kuiona. Hata hivyo vitambaa vilivuliwa. Mama yetu alivua chake cha buluu, akakinyoosha kwa viganja kama anayetandika kitanda cha mgonjwa. Jairo alikivuka. Alipofika upande wa pili uso wake ulikuwa umebadilika, na kwa mara ya kwanza nilimwona akimtazama mama kama kitu kinachoweza kuvunjika. Njiani kurudi nyumbani baba alisema jambo moja tu: "Tumewafunga kwa kamba ya mama zao. Kama tumewafunza, hilo sijui."

Mtaa ukatulia kama ule mji wa kitabuni. Vijana walitembea na mikono mifukoni, kwa hofu kwamba mkono ungeinuka wenyewe. Waliamkia wazee kabla ya kuamkiwa. Kanisani tuliimba nyimbo za shukrani, na akina mama, ambao maisha yao sasa yalibebwa na ngumi za watoto wao, walilala kwa amani kuliko watoto. Jairo aliacha kutunga maneno. Alikula, akaenda shule, akarudi, akaketi. Nilipomwomba anisomee kitabu alisema hana haja nacho, kwani mwisho wake anaujua sasa. "Kengele si lazima iwe ya chuma," aliniambia, na sauti yake haikuwa na uchungu wala furaha. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba kaka yangu hakuwa ameacha ubaya. Alikuwa amewekwa mahali ambapo ubaya haumfikii, na wema nao haumfikii.

Kosa la wazazi wetu lilikuwa kudhani kwamba kiapo cha holini kingebaki holini. Vijana wa ng'ambo ya reli walipopata habari, walianza kuja mchana kweupe. Walijua kwamba Kaloleni hapakuwa na mtu wa kukunja ngumi.

"Niaje, watoto wa kitambaa!" walisalimia kutoka mbali, kisha wakamwulizia mama. "Mathe wako yuko fiti, Jairo?"

"Yuko fiti."

"Basi toa hizo raba, buda. Ama unataka kumzika leo?"

Jairo aliinama, akafungua kamba za viatu, akawapa. Siku nyingine walimpiga kofi, mmoja baada ya mwingine, wakipima kama mkono wake ungetoka mfukoni. Haukutoka. "Huyu ni mti, wasee," alisema kiongozi wao, kijana mwembamba mwenye kofia ya sufu, "hata mbwa anaweza kumkojolea." Jairo aliwatazama kama mtu anayetazama mvua kutoka ndani ya nyumba.

Kisha ikafika siku ile. Mama alikuwa ametoka kwenye kikao cha akina mama wa kanisa, na mimi na Jairo tulikwenda kumpokea kwenye njia iliyopita kando ya ua wa reli, kwa kuwa alikuwa amebeba unga. Tulimwona akija. Tuliwaona pia vijana watatu wakitutangulia kumfikia, yule wa kofia akiwa mbele. Walishika mfuko wake. Mama hakuuachilia, kwa sababu hakuwahi kuachilia kitu maishani mwake, wakamsukuma akaanguka chali na unga ukamwagika. Tulikimbia. Tulipofika Jairo alisimama ghafla, hatua chache kutoka kwao, mikono mifukoni. Ikiwa angeinua mkono, mama angekufa. Ikiwa hangeinua, mama alikuwa pale chini akipigwa teke.

"Karibu, mtoto wa kitambaa," yule wa kofia alisema. "Njoo uone shoo."

Mama alimtazama Jairo. Alielewa, nafikiri, kile walichokifanya siku ile holini. Akiwa bado chini, alivuta kitambaa cha buluu kutoka kichwani, akamtupia miguuni. "Jairo! Nimekufungua! Kivuke urudi, mwanangu. Nimekufungua!"

Jairo alikitazama kitambaa. Akavua ndara, akakivuka kwa utaratibu uleule wa holini, na alipokanyaga upande wa pili alitoa mikono mifukoni. Wale vijana walirudi nyuma. Aliinama akaokota jiwe la reli, zito, lenye ncha. Nililia, "Mpige!" Nililiona jiwe likiinuka hadi usawa wa sikio lake. Nilimwona yule wa kofia akifumba macho. Kisha Jairo akalishusha, akaliweka chini, si kwa kulitupa, bali kwa kuliweka, kama mtu anavyoweka yai. Akampita yule kijana, akapiga magoti na kumfunika mama kwa mwili wake wote. Walipoona hivyo walipata ujasiri, wakampiga kwa mkanda wenye chuma na kwa viatu, mgongoni na kichwani, mpaka wanawake wa nyumba za karibu walipotoka na miiko na sufuria wakawafukuza. Sikio lake la kushoto halijasikia neno tangu siku hiyo.

Mtaani zilizuka habari mbili. Moja ilisema Jairo alikuwa mwoga. Nyingine ilisema alikuwa mtakatifu, na kwamba jiwe lilimponyoka mkononi kwa uwezo wa kiapo. Zote mbili zilisimuliwa na watu ambao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, na nilikuwepo pia jikoni jioni ile, mama alipokuwa akimkanda kwa maji ya moto.

"Nilikufungua," mama alisema kwa hasira. "Mbona hukumpiga?"

"Ulinifungua, mama," Jairo alijibu. "Si ulinifungua?"

Mama alikamua maji kutoka kitambaa cha kukandia, akaendelea kumkanda. Baba, aliyesimama mlangoni bado akinuka mafuta ya karakana, alitoka nje akaketi kwenye ngazi peke yake. Hakuna aliyelia.

Sasa ninaishi Tassia, katika nyumba za kupanga zilizosongamana hadi jua linatufikia kwa zamu, na nimefika umri ambao vijana wa ngazini huniita mzee. Sitasema kwamba zamani ilikuwa njema. Wanaosema hivyo hawakumwona mzee Barasa akiokota sindano. Zamani tulikuwa na baba waliokutana, ukumbi wa kukutania, na kosa tulilolitenda pamoja. Leo kila mlango una chuma chake, na kila mtu ana makosa yake ya faragha. Maneno tu ndiyo hayajaacha kazi yao. Majuzi vijana wa jengo letu walimjeruhi mtu anayetusukumia maji kwa mkokoteni, na mmoja wao alikuwa Amosi, mwanangu wa mwisho. Wazazi tuliitana katika chumba ambacho kanisa hukodi chini ya jengo, na Jairo alikuja kwa kuwa nilimwomba. Baba mmoja kijana, ambaye alikuwa amesikia kwamba Kaloleni ya zamani vijana walitulizwa kwa kitambaa, alipendekeza tufanye vivyo hivyo. Watu waliitikia kwa vichwa. Mke wangu alikuwa amekwisha fungua fundo la kitambaa chake, na sikumzuia. Nilitaka mwanangu apone, kwa njia yoyote.

Jairo alikuwa ameketi akielekeza sikio lake zima kwa wasemaji. Aliomba nafasi, akamwita Amosi mbele.

"Ulifanya nini?"

"Tulimpa darasa tu, anko."

"Sikuuliza mlimpa nini. Nimeuliza mkono wako ulifanya nini."

Amosi alitazama sakafu, kisha akanitazama mimi, nami sikumsaidia. "Mkono ulimpiga," alisema mwishowe.

"Ulimpiga nani?"

"Yule wa maji."

"Ana jina."

"Baba Neema."

"Anakaa jengo la nne," Jairo alisema. "Hakuna atakayekupeleka, na hakuna atakayekufungia mlango. Ukipenda, kamwambie hayo uliyoniambia. Usipopenda, kaa." Kisha akamgeukia mke wangu, kwa heshima kubwa. "Shemeji, jifunge kitambaa chako. Mimi nilikivuka kimoja. Tangu holini hadi siku mama aliponifungua sikufanya jema hata moja, kwa sababu sikuwa nimefanya lolote."

Amosi akatoka. Baadaye majirani waliniambia kwamba alifika mlangoni kwa Baba Neema, wengine wakasema alipita moja kwa moja hadi kituo cha mabasi. Sikumwuliza, na habari zao siziandiki kama ukweli. Ninaloweza kulithibitisha ni lile nililoliona nikiwa dirishani: mwanangu akivuka uwanja wa matope kuelekea upande wa jengo la nne, polepole, na mikono yake haikuwa mifukoni.