Mkebe wa Watiri Uliomwagwa kwa Kijiko

Watiri alikuwa mkaidi. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wakimtaja wanamfanya malaika, na mimi Keziah niliishi naye ukuta kwa ukuta miaka mitatu katika kijiji cha Hali ya Hatari, enzi serikali ya wakoloni ilipopigana na watu wa msituni, mwendo wa saa moja kutoka mjini Nyeri. Alikuwa mfupi, sauti kali, na ukimwazima ungo aliurudisha pamoja na maoni yake juu ya usafi wako.

Mumewe, Kahiga, alikuwa kizuizini katika kambi ya Manyani. Alimwachia watoto wawili, mkubwa akiitwa Gatimu. Serikali ilikuwa imetutoa mashambani kwetu, ikatusonga katika vibanda vya nyasi nyuma ya handaki lililojaa miti iliyochongwa ncha. Asubuhi tulichimba barabara kwa lazima. Alasiri lango lilifunguliwa saa moja tu, tukimbie shambani tuchume tulichopata.

Sasa, sisi wanawake wa kanisa tulikuwa na desturi yetu. Kabla ya kupika, unachota konzi moja ya kile unachopika, unaiweka kando katika chombo chake. Hiyo ni ya Mungu, haiguswi hata mtoto akilia. Jumapili tulipeleka vyombo vyetu kanisani, tukawapikia watoto ambao mama zao walikuwa wamefungwa au wamekufa. Walikuwa wengi, na kwa baadhi yao hicho ndicho kilichokuwa chakula pekee cha maana kwa wiki nzima.

Ikaja amri: chakula kikipatikana kimefichwa nyumbani, hicho ni cha watu wa msituni, na mwenye nyumba anakwenda jela. Konzi zikaisha kijijini. Yangu iliisha ya kwanza, sifichi. Nikamwambia Watiri, "Mama Gatimu, Mungu anaona hali yetu. Atatusamehe."

"Kusamehe atasamehe," akasema. "Lakini wale watoto watakula msamaha?"

Nilimkasirikia siku mbili nzima, nisimsalimie. Yeye akaendelea peke yake na mkebe wake wa mafuta ya kupikia, ule wa bati. Kila Jumapili alisaga vyote pamoja, akapika uji wake mwembamba kama maji ya kuoshea sahani, kila mtoto akapata mafunda mawili.

Jumamosi moja askari wa ulinzi wa kijiji walipekua vibanda. Ndungu, kijana wa huku huku kwetu, akautoa ule mkebe chini ya kitanda cha Watiri.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Mungu," akajibu.

"Ati Mungu? Huyo Mungu wako anakaa msituni?"

Akamkokota hadi uwanjani. Tukakusanywa wote tuone, maana ndivyo ilivyokuwa. Lori la kupeleka waliokamatwa Nyeri lilikuwa tayari limewashwa. Watoto wa Watiri walishika sketi yangu, mmoja huku, mwingine huku. Mwinjilisti wetu, Moffat, angeweza kumtetea, lakini alikuwa na pasi ya kuja Jumapili tu, na lori halingemngoja.

Mkubwa wa polisi alikuwa Sajini Munyao, Mkamba mrefu aliyeletwa kwetu wiki mbili nyuma. Lugha yetu ya Gikuyu hakuijua, na Watiri Kiswahili alikiokota akichuma kahawa kwenye shamba la mzungu.

"Mama, hii chakula unapelekea nani?"

"Watoto wa kanisa. Kesho."

"Nani anajua hiyo maneno?"

Tulijua wanawake kumi na wanne. Tuliangalia chini wote. Mimi pia niliangalia chini, nimeshika watoto wake, na aibu hiyo niko nayo mpaka leo.

Watiri hata hakututazama. "Sajini, leta kijiko," akasema. "Mimi nageuka nyuma. Nitakuambia iko nini ndani, toka juu mpaka chini. Mtu wa kulisha msitu anajaza mahindi mazuri. Mimi naweka ile nimepika siku hiyo."

Ndungu akacheka. Munyao hakucheka. Akaagiza kijiko, akachuchumaa, na Watiri akampa mgongo.

"Jana, njahi. Nusu konzi tu."

Kijiko kikatoa njahi, yale maharagwe yetu meusi.

"Alhamisi, wimbi."

Kikatoa wimbi, punje ndogo nyekundu.

"Jumatano, mahindi. Imetobolewa na wadudu. Nzuri ilikuwa imeisha."

Munyao akaigeuza geuza punje moja kidoleni. Ilikuwa na tundu. Watu wakaanza kusogea, hata askari.

"Jumanne," akasema Watiri. "Jumanne utapata pumba."

Kijiko kikasimama. Sajini akachota pumba, akaitazama kwa muda mrefu. "Mama, hii ni chakula ya kuku."

"Ndiyo. Na watoto yangu walikula hiyo. Mungu anakaa na sisi, Sajini. Siku ya njahi anakula njahi, siku ya pumba anakula pumba."

Munyao akainuka, akavua kofia. Akarudisha kila kitu mkebeni kwa mkono wake, hata pumba ile. Kisha akamwambia Ndungu, kwa sauti ya kusikika na wote, "Hakuna jeshi inalishwa na pumba. Kuanzia leo chakula ya kanisa inakaa mlangoni, nje, kila mtu aone. Askari akigusa, ataniambia mimi kwa nini."

Lori likaondoka bila Watiri. Watoto waliniacha wakamkimbilia, nami nikabaki nimesimama, nina furaha na haya pamoja.

Asubuhi yake nilichota konzi tatu za mahindi yangu mazuri, nikatoka nje nikiwa na kibuyu. Mlango wa jirani ulikuwa na sufuria. Mwingine ulikuwa na kikapu. Tulifika kanisani wanawake kumi na wanne tumebeba mchana kweupe, tukiimba, na Watiri akavikagua vyombo vyetu kimoja kimoja kama mwalimu. "Umechelewa," akaniambia, basi.

Uji siku hiyo ulisimamisha mwiko. Mtoto mmoja wa mwisho mwisho kwenye foleni, ambaye mama yake alikuwa amefungwa, alipewa bakuli la pili akalisukuma pembeni. Akasema ameshiba.

Watiri, mkaidi yule, alishika mwiko wake akalia mbele ya kanisa zima, na sisi tukapiga vigelegele vilivyosikika hadi langoni kwa askari.