Nilibonyeza "Nakubali" Peke Yangu, Sasa Siri ya Mteja Wangu Iko Kijiweni

Admin, nifichie jina, na kijiji usikitaje. Mimi ni mama wa miaka 43, mjane, mzaliwa wa bara, lakini nimekaa upande huu wa Kibiti karibu miaka ishirini. Nilianza na beseni la maandazi. Kwa hela ya maandazi nikasomea uuzaji wa dawa, leo nina duka la dawa langu mwenyewe na watu wananiita Dokta, ingawa si daktari. Wateja wangu wengi ni akina mama. Wengine wako huko ndani kwenye delta, wananipigia simu, nafunga mzigo, nampa bodaboda aufikishe kwenye boti.

Sasa huku akina Mama Fatuma na Mama Zainabu ni wengi mno. Ili nisichanganye, kwenye simu nilikuwa nasevu jina pamoja na dawa. Mama Fatuma Presha. Mama Zainabu Fangasi. Mtu akipiga, hajamaliza salamu najua nimfungie nini. Nilijiona mjanja kweli.

Meseji za matapeli zilipozidi, nikaelekezwa programu ya simu inayoonyesha jina la anayepiga hata kama hujamsevu. Nikaiweka. Yakaja maelezo ya Kiingereza hayana mwisho. Kitufe tu ndicho walichojua kukiandika Kiswahili: NAKUBALI, kikubwa, cha kijani. Cha kukataa kimefifia pembeni, mpaka ukitafute. Nilikuwa na wateja wamesimama dirishani, nikabonyeza. Kumbe nimewapa namba zote 412 za kwenye simu yangu, na majina vilevile nilivyoyaandika. Yeyote aliyeiweka programu ile akiingiza namba ya mtu, anasoma nilichoandika mimi.

Kuna mteja wangu nitamwita Mama Sauda. Ana watoto watano. Uzazi wa mwisho alitokwa na damu nusura afe, na hospitali wakamwambia apumzike kuzaa. Mumewe akasema mtoto ni riziki ya Mungu, hapangiwi. Basi akawa anachukua kwangu vidonge vya majira, vya kuzuia mimba, kimyakimya, mwaka wa nne sasa.

Wiki iliyopita wanaume walikuwa kijiweni wanaichezea hiyo programu, wanatafuta namba za wake zao na kucheka. Baba Sauda naye akaambiwa, "Weka ya mkeo tuone!" Akaweka. Ikatokea: Mama Sauda Vidonge Majira. Mbele ya watu wote.

Alikuja dukani hajanisalimia, akaniwekea simu mezani. "Dokta, nisomee hapa. Mke wangu anaitwa nani?"

Nikaigeuza ile simu kifudifudi, naye akaigeuza tena.

"Miaka minne nakunywa supu ya pweza! Nachimbiwa mizizi! Dada zangu wananiambia nimekwisha, wenzangu wananiita bunduki tupu. Kumbe risasi unazuia wewe, tena unauza!"

Nikamwambia, "Baba Sauda, siri ya mteja siwezi kuizungumza." Akacheka, kicheko kibaya. "Siri? Hii ambayo muuza kahawa ameisoma?"

Mama Sauda amerudishwa kwao Mohoro, watoto wamebaki kwa baba. Jumapili wazee wa pande zote mbili wanakaa, na nimeitwa niseme huyo niliyemwandika Vidonge Majira ni nani. Mume ameapa, nikithibitisha tu anatoa talaka palepale.

Juzi Mama Sauda alinipigia analia. "Dokta, sema ulinichanganya na Mama Sauda mwingine. Neno moja tu, nirudi kwa wanangu."

Jamani, kwenye simu yangu Mama Sauda wako wawili tu. Huyo mwingine ni mjane, huja kuchukua dawa ya vidonda vya tumbo, na huku wote wanamjua. Nikisema vidonge ni vya mwingine, watamtazama yeye. Mjane na vidonge vya majira! Na mimi ni mjane, najua tunavyosemwa hata tukinunua khanga mpya.

Msiniambie nifute programu. Nilishaifuta, majina yamebaki kwao. Nimewaandikia, wamejibu kwamba kila mwenye namba aombe mwenyewe kuondolewa. Kuingiza watu 412 nilitosha mimi mmoja, ila kuwatoa niwatafute wote, mmoja mmoja, niwaeleze nilichowafanyia! Nimeshawapigia kumi na saba. Watatu walinikatia simu, na mmoja alinitukana mpaka akachoka. Duka likifa, nitarudi kwenye beseni, nalijua. Ila watoto watano wa watu hawalali, wanamuulizia mama yao.

Nikisema kweli, nimemtoa mke wa mtu kwa wanawe. Nikidanganya, namzika mjane asiyejua lolote. Nikikaa kimya, mume anahesabu ni ndiyo. Nyinyi mngekuwa mimi, Jumapili mbele ya wale wazee mngefungua mdomo mkasema nini? Nisaidieni, naombeni, akili yangu imefika mwisho.