Kurasa Zilizokwenda na Karanga

Nilichana kitabu cha baba nikafungia karanga. Nimeshasema, sasa tuendelee.

Tena sikukichana kama mtu mwenye akili. Nilianzia nyuma, kwa sababu jalada la mbele lilikuwa na picha ya mwanamume mwenye masharubu mazito, nikaogopa kumwanza yeye. Magazeti ya kusokotea vifuko yalikuwa yameniishia, stendi ya Bariadi imefurika abiria, na mayu, mama yangu, ameniachia sinia la karanga na onyo kwamba zisirudi nyumbani. Nikakimbia nyumbani, nikachomoa kitabu cha kwanza kilichogusa mkono kwenye gunia la baba, yeye akikoroma, nikarudi stendi. Karanga hazikurudi nyumbani. Mwisho wa kitabu nao haukurudi.

Gunia lile baba alikuja nalo siku ushirika ulipofunga ghala. Alikuwa karani wa mizani, mpimaji wa pamba, na wakulima walikuwa wakimwamkia kwa kuvua kofia. Likaja soko huria. Wanunuzi wapya wakaja na malori yao, mizani yao, na vijana wao waliovaa miwani ya jua hata wakiwa ndani ya ghala. Baba na wenzake wakaambiwa wachukue chochote kwenye chumba cha kusomea. Wenzake wakabeba viti. Yeye akabeba vitabu vya maisha ya watu, akavisukuma chini ya kitanda, kisha yeye mwenyewe akapanda juu yake.

Hakushuka. Yaani alishuka kula michembe, viazi vyetu vya kukausha, na kwenda chooni, lakini kuvuka ua wetu wa minyaa, hapana. “Wataniuliza siku hizi nafanya kazi gani,” alisema. Mvua zikanyesha, mayu akalima peke yake. Alikuwa anaogopa. Hakusema, ila alipunguza kunitukana, na mayu akipunguza kunitukana ujue nyumba ina jambo.

Jioni ile nikaona nijikinge. Mwenye kitabu akikikuta kimechanika mikononi mwa msomaji, hasira inakuwa ndogo kuliko akikikuta mikononi mwa muuza karanga. Nikakaa karibu na kitanda, nikaanza kusoma kwa sauti ya mtu aliyeokoka.

Mpango wangu ulikuwa kusinzia kwenye ukurasa wa pili. Vitabu vya namna hii nilidhani ni hadithi za watu waliozaliwa wamevaa tai. Kumbe mwenye masharubu alikuwa mpasua mbao, hakuwa na shati la akiba, na darasani alikuwa mzito kunishinda mimi, jambo ambalo mwalimu wangu angelikataa kwa kiapo. Nikampenda pale pale. Msumeno ukamkata vidole vya mkono wa kulia, mwenye kiwanda akamfukuza. Akarudi kwao, akajifungia ndani.

Kitanda kikalia. Baba alikuwa amekaa.

“Halafu?”

“Halafu basi, baba.”

“Basi vipi? Alifanya nini?”

“Sijui. Kurasa hazipo.”

“Ziko wapi?”

“Zimekwenda na karanga.”

Mayu akaingia na mwiko mkononi. Nikamtazama baba kama mtu anayetafuta mlango. Lakini baba hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatafuta viatu vyake.

“Uliwauzia nani?” akauliza.

“Wengine wameshapanda basi, baba. Wako Mwanza.”

“Na wasiopanda?”

Kesho yake asubuhi tukavuka ua, mimi mbele, yeye nyuma ameinamisha kofia. Muuza nyama alikuwa amewashia moto ukurasa wake. Mama wa samaki hakukumbuka. Ila kila tulipofika, watu waliacha kazi wakamwamkia. “Mwangaluka, mzee wa mizani! Tulidhani umehama!” Hakuna aliyeuliza anafanya kazi gani. Nikaona kofia inapanda kidogo kidogo, na mimi, ambaye huwa nacheka hata msibani, nikashindwa kutunga mzaha.

Fundi cherehani wa karibu na soko ndiye aliyetuokoa. Alikuwa amefungia vifungo vya mashati kwenye ukurasa wetu. Akavimwaga mezani, akaukunjua, baba akausoma amesimama, midomo ikichezacheza.

Haukuwa mwisho wa kitabu. Ulisema tu kwamba asubuhi moja yule mtu alitoka nje, akakaa mlangoni na tupa, akaanza kunoa misumeno ya wenzake kwa mkono wa kushoto. Hakuwa tajiri, hakupigiwa makofi. Alikuwa ananoa. Nimesoma gunia zima tangu siku ile, yupo nesi, yupo nahodha, yupo mama aliyefungua shule kwenye banda la ng'ombe, na bado namheshimu zaidi huyo mwenye tupa.

“Mzee,” fundi akasema, “shemeji zangu wa Kasoli wanauza pamba Jumamosi. Wale vijana wa miwani hatuwaelewi wanavyopima. Ungekuja tu ukasimama nasi pale kwenye mizani.”

Baba akaukunja ukurasa, akautia mfuko wa shati.

“Nitasimama,” akasema.

Jumamosi alipiga viatu rangi mwenyewe, akaondoka na baiskeli ya jirani kabla uji haujaiva. Mayu akasimama kwenye ua, akamsindikiza kwa macho mpaka akakata kona. Kisha akanigeukia. Mwiko alikuwa nao bado, nikajikinga kichwa.

“Kesho chana kingine,” akasema. “Na uanzie mwisho, kama ulivyofanya, mjinga wewe.”