Mzunguko wa Mwalimu Lazar

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja karibu na Muhoroni, mwalimu mkuu alinipa chaki, azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula mzima, na jembe. Jembe lilikuwa la Jumamosi. Walimu tulipalilia miwa ya shule bila malipo, na aliyekataa alipewa uhamisho.

Aliyetufundisha kukataa pamoja alikuwa Mwalimu Lazar wa hesabu, Myahudi aliyekimbia Ulaya. Mjini kwao alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha walimu. Chuki dhidi ya Wayahudi ilipopanda, wenzake walikutana kuamua kama abaki chamani. Alituambia kwamba hakuna aliyesema atoke. Walinyamaza tu, mwenyekiti akatangaza kuwa wamekubaliana. Baadaye alinyang'anywa hata darasa.

Ndiyo maana katika tawi letu la chama cha walimu alidai mzunguko: kila mtu aseme ndiyo au hapana kwa sauti, akianza aliyeajiriwa mwisho. Wazee walinung'unika, kwa sababu kwetu mdogo hafungui kikao.

Juma moja kabla ya Pasaka, mwalimu mkuu aliingia kikaoni. Angetuachia Jumamosi zetu, mradi tumwondoe Lazar.

"Ninyi ni Wakristo," alisema. "Mtaongozwaje na watu waliomsulubisha Bwana?"

Akatoka bila kungoja jibu. Lazar naye akainuka ili atuache tuzungumze. Katibu wetu, Mwalimu Okeyo, alikuwa mzee wa kanisa, na mkewe alikuwa mgonjwa mtaani Nyalenda, mjini Kisumu. Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo angeweza kumwona.

"Kaa, Bwana," alimwambia Lazar. "Kama ni kukutoa, tukutoe ukituangalia." Akanigeukia mimi, binti wa kutoka Katito, niliyeajiriwa mwisho. "Haya, nyar Katito. Anza."

Nikasema abaki. Wengine wakafuata. Mmoja alisema atoke, akaeleza hofu yake ya uhamisho, tukamsikiliza hadi mwisho. Okeyo alikuwa wa mwisho.

"Mambo ya msalaba nitayazungumza na Yesu mwenyewe Ijumaa Kuu," alisema. "Jumamosi nitapalilia. Abaki."

Tulipalilia hadi alipokuja mwalimu mkuu mwingine. Mke wa Okeyo hakuifikia siku hiyo. Mazishini Lazar aliomba koleo, kwa kuwa hata kwao waombolezaji huzika kwa mikono yao. Okeyo alimpa la kwake.

Sasa nimestaafu. Walimu vijana wa Kisumu huniuliza tawi letu lilipata nini mwaka ule. Huwaambia hatukupata kitu. Tuliulizwa bei ya mwenzetu, na kila mmoja akajibu kwa sauti yake.