Jina la Lotika Halikai Benchi

Akina mama wa samaki ndio walioanza. Jumatatu moja asubuhi, Nicolas Lotika akishuka kwenda bandarini na mfuko wake wa spana, Chimène, aliyekuwa akipanga samaki wa moshi mezani, alimrushia salamu ya kusikika hadi kwenye mitumbwi.

"Papa Nico! Pole, hein! Wamesema papa yako alipigwa tena jana. Mbili kwa sifuri!"

Meza zote zilicheka.

"Papa yangu iko analala Yanonge, Chimène. Umuache."

"Mimi nimuache? Ni wewe ulimuvalisha survêtement ya kocha, ukamukalisha kwenye banc!"

Nicolas alipita. Pale bandarini hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno: polisi wa mto, wenye mitumbwi, hata wale vijana wa toleka, teksi za baiskeli, wanaojua matusi ya lugha nne na baiskeli zao hazina breki. Lakini siku hiyo alikaza mwendo tu, kwa sababu Chimène alisema kweli. Kocha wa FC Ngando, timu iliyokuwa ikipigwa kila Jumapili mbele ya watu wake, alikuwa anatembea na jina la marehemu Papa Lotika. Na aliyempa jina hilo ni Nicolas mwenyewe, kwa mikono yake miwili, mbele ya uwanja mzima.

Nicolas ni fundi wa injini za mitumbwi. Wiki nzima anakaa Makiso, katikati ya Kisangani, ukingoni mwa mto, grisi hadi kwenye viwiko, akibishana na injini zilizochoka. Jumapili ananawa kwa sabuni ya unga, anavaa jezi ya kijani ya Ngando, yaani mamba, na kubeba lokole ya baba yake hadi kwenye jukwaa la upande wa jua.

Lokole si ngoma ya ngozi. Ni gogo la mti mwekundu lililochimbwa tumbo kupitia mpasuko mwembamba, na kando ya mpasuko huo iko midomo miwili, mmoja wa sauti nene na mwingine wa sauti nyembamba. Kwa sauti hizo mbili tu Walokele, watu wa kabila lake, wamepelekeana habari za misiba, ndoa na masoko mtoni tangu zamani. Na kwa kuwa sauti ni mbili na maneno ni mengi, lokole haijui kufupisha. Haiwezi kusema tu, "Nicolas, njoo." Inakuita kwa jina lako la lokole, ambalo ni sentensi nzima, wakati mwingine na babu yako ndani yake, mpaka anayesikia kutoka kijiji cha pili asibaki na shaka kwamba ni wewe unayetafutwa.

Jina la Papa Lotika lilijulikana kutoka Yanonge hadi Isangi: *Kafi lisiloazimwa, maji yakikasirika yeye anavuka, mwana wa Bolila.* Alilipata ujanani kwa kuvuka mto siku ya dhoruba akiwa na mke wa jirani mwenye uchungu wa kuzaa, na alikufa nalo akiwa mzee, bila doa.

Mashabiki wa Ngando walikuwa na desturi yao. Kila kocha mpya alipewa jina la lokole siku ya ushindi wake wa kwanza. Kuanzia hapo, kila mechi, alipotoka kwenye chumba cha kubadilishia nguo lokole ilimwita, naye akanyanyua mkono, ndipo nyimbo zikaanza. Kwa kawaida Nicolas alilitunga jina taratibu. Alimwangalia mtu kwanza, anavyokasirika, anavyoshindwa, ndipo akamtafutia maneno yake. Lakini kocha Franck alipokuja kutoka Kinshasa na kompyuta yake na miwani yake ya jua, mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya watu wa ng'ambo, kutoka Lubunga, na Ngando ikawapiga tatu. Uwanja ulipandwa na wazimu. Watu walimnyanyua Nicolas na lokole yake juu kwa juu, wakipiga kelele, "Jina! Jina! Mupe jina!" Hakuwa na jina. Mikono ikaenda inakojua.

*Kafi lisiloazimwa, maji yakikasirika yeye anavuka.*

Alimwacha nje mwana wa Bolila tu. Usiku ule alijilaumu kidogo, kisha akajiambia kwamba baba yake alipenda mpira, hatachukia.

Sasa alikuwa anachukia, Nicolas alihisi hivyo kila Jumapili. Maana baada ya ushindi ule Franck aliogopa kila maji, yaliyokasirika na yaliyolala. Alipanga mabeki watano nyumbani, mbele ya timu zilizofika zimelala njiani kwenye lori. Jephté, mshambuliaji pekee mwenye hasira ya goli, alikaa benchi hadi misuli ikapoa. Ngando ikipata goli moja, kocha alishika saa yake kama mtu anayesubiri meli. Ikifungwa, alishika kichwa. Na redioni alisema mashabiki wa Kisangani hawaelewi mpira wa kisasa.

"Mupira ya kisasa ni kurudisha nyuma?" aliuliza Issa Amuri katika nganda yao, baa ya mtaani, mbele ya sahani ya lituma ya ndizi na samaki. Issa ni fundi cherehani, mjukuu wa wafanyabiashara Waislamu wa zamani wa mji huu, na ndiye kiongozi wa mashabiki. Bendera zote za kijani zimepita kwenye mashine yake. Hanywi pombe, lakini hakuna mlevi anayeweza kumzidi kelele mpira ukitajwa. "Basi hata bibi yangu iko moderne. Iko anatembea nyuma-nyuma toka alipovunjika kiuno!"

Watu walicheka, ila kicheko kilikuwa cha uchungu. Issa akamgeukia Nicolas.

"Papa Nico, Jumapili umupigie kilio. Ile ya wafu. Asikie kwamba tumemuzika."

"Mutu muzima hapigiwi kilio, Papa Issa. Hata kama timu yake imekufa."

"Alors, utaendelea kumusifu?"

"Nani alikuambia nitamusifu? Mimi nataka kitu changu."

Aliwaeleza, na wale wasio Walokele waliacha kutafuna. Jina la lokole halirudishwi kimyakimya nyumbani wala kwa simu. Linachukuliwa mbele ya masikio yaleyale yaliyosikia likitolewa. Yaani uwanjani, siku ya mechi, watu wakiwa wamejaa. Lisipochukuliwa hapo uwanjani, Franck ataondoka nalo siku moja kama alivyokuja na begi lake, na Papa Lotika atakumbukwa hadi Basoko kama mtu wa mabeki watano.

Issa alisukuma sahani pembeni. "Wallahi, hiyo ni mbaya kuliko kilio," alisema. "Fanya hiyo."

Siri ya nganda haimalizi chupa moja. Ijumaa, Alphonse, rais wa klabu, alishuka bandarini na viatu vyake vyeupe, akichagua pa kukanyaga kati ya madimbwi ya mafuta.

"Papa Nicolas, bon. Nasikia mambo. Jumapili tuko na wageni wa shirikisho. Ngoma iite kocha vizuri, na nguvu, kama kila siku. Watu waone klabu iko na umoja."

"Président, umoja ukikuwapo wataona wenyewe."

"Sikufika hapa kubishana. Utamwita, ao utaacha ngoma nyumbani. Mlango wa uwanja ni wangu."

"Mlango ni wako," Nicolas alisema, akivuta kamba ya injini. Ikakohoa, ikawaka, ikammwagia rais moshi wa buluu. "Lokole ni ya papa yangu."

Jumapili aliingia na lokole. Hakuna aliyemzuia mlangoni, kwa kuwa rais alikuwa na hakika kwamba mtu wa kawaida hawezi kuhatarisha nafasi yake jukwaani kwa ajili ya maneno ya gogo. Jua lilikuwa kali. Chimène na wenzake wa samaki walikuwa wamekaa safu ya mbele, miavuli juu.

Franck alitoka. Uwanja ukanyamaza, kama desturi. Nicolas alishika fimbo zake mbili zenye vichwa vya mpira.

*Kafi lisiloazimwa, maji yakikasirika yeye anavuka.*

Kocha, kwa mazoea, akanyanyua mkono. Kwenye viti vya wageni, rais akatabasamu.

Lakini lokole haikukoma. *Mwana wa Bolila wa Yanonge. Amelala udongoni mwake. Jina lake limeondoka hapa, limerudi nyumbani.* Akarudia, polepole zaidi, kila sauti peke yake. Akarudia tena.

Chimène alisimama, mwavuli ukamtoka mkononi. "Amemutoa!" alipiga kelele. "Yooo! Papa Nico amemutoa papa yake kwenye banc!"

Maneno yakakimbia safu kwa safu, kutoka Kilokele hadi Kiswahili, hadi Kilingala, kila mtu akimtafsiria jirani na kuongeza chumvi yake. Nicolas akapiga tena, safari hii kwa kasi: *Mgeni aliyekuja na miwani, mlango tumemfungulia, jina lake mwenyewe tunalisubiri litoke mkononi mwake.* Hapo jukwaa la jua likapasuka. "Jina! Lete jina! Jina! Lete jina!" Franck alikuwa bado amenyanyua mkono. Aliutazama, kisha akaushusha kidogo kidogo, kama mtu aliyeona kwamba salamu ile haikuwa yake.

Walinzi wawili wa klabu walipanda kuichukua lokole. Nicolas akaikalia.

"Mubebe," aliwaambia. "Lakini tuko wawili, na mimi niko muzito."

Mmoja wao, aliyetoka Isangi, alikuwa anacheka machozi na hakuwa na nguvu za kubeba kitu chochote. Wakashuka mikono mitupu.

Mechi ikaanza, na Ngando ikafungwa mapema, kama desturi yake nyingine. Tangu hapo kila mpira uliporudishwa nyuma jukwaa lilijibu, "Lete jina!" Hayakuwa matusi, na ndiyo sababu yalichoma. Kipindi cha pili Franck aliinuka mara mbili, akakaa mara mbili, kisha akamwita Jephté na kumtoa beki. Labda ni kelele zile. Labda aliishiwa na mambo mengine yote. Jephté aliingia na njaa ya majuma yote ya benchi; akasawazisha kwa kichwa, na mwishoni kabisa, katika msongamano wa miguu, akasukuma mpira wavuni kwa goti. Mbili kwa moja.

Watu walimwagika uwanjani. Waliokuwa wakimpigia kocha kelele mechi nzima wakamnyanyua mabegani. Rais alipanda ngazi za jukwaa mbio, viatu vyeupe vikiwa vyekundu kwa vumbi.

"Piga! Papa Nicolas, piga jina yake! Sasa! Amelistahili!"

Na watu wakaanza tena, walewale: "Jina! Jina!" Hata Issa, kofia imepinda, sauti imekauka, alimshika bega.

"Papa Nico, leo tu. Mupe. Umeona mwenyewe, amemwingiza Jephté!"

Nicolas alihisi furaha ileile ya siku ya kwanza ikipanda kutoka miguuni. Mikono yake ilikuwa tayari, na ilijua njia. Akazichomeka fimbo zote mbili kwapani na kuzibana.

"Hapana."

"Kwa sababu gani?" rais alifoka. "Tumeshinda!"

"Hata ile siku tulishinda. Ndiyo ilinidanganya." Alisimama ili wasikie na walio chini. "Président, ushindi moja haivukishi mutu mto. Avuke kwanza. Akivuka, nitamutafutia maneno yake mwenyewe, mazuri, na nitapiga mpaka Banalia wasikie. Ya papa yangu, hata mukichukua kombe, haitoki tena nyumbani."

"Basi lokole hiyo haitaingia humu tena. Umesikia? Jamais!"

"Sawa. Nitakaa nje." Nicolas alianza kuifunga kamba. "Wazee wetu walikuwa wanasemeshana toka kijiji mpaka kijiji, mto katikati. Wewe unanionyesha ukuta wa matofali?"

Chimène alipiga kigelegele, na jukwaa likamfuata. Rais alishuka akitafuta mtu mwingine wa kumkemea.

Uwanja ulipopungua, Issa alimsaidia kuteremsha lokole hadi kwa kijana wa toleka aliyekubali kuibeba kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Walikuwa wanaifunga pale nje ya mlango, Issa amenuna kidogo, wakati Franck alipotoka peke yake, miwani mkononi. Bila miwani alionekana mdogo kuliko umri wake. Alisimama mbele ya gogo kana kwamba analiona kwa mara ya kwanza.

"Papa," alisema, na Kiswahili chake kilikuwa na Kinshasa nzima ndani, "lile jina mulikuwa munaniita, donc, lilikuwa linasema nini?"

"Msimu nzima imepita," Nicolas alijibu, "leo ndiyo unauliza?"

Kocha aliinama. Aliugusa mdomo wa lokole kwa kidole, ule wa sauti nene.

"Na leo ilisema nini?"

"Ilisema bado."

"Bado nini?"

Nicolas alivuta kamba ya mwisho, akaijaribu kwa kuitikisa, akaona haitacheza hata kwenye mashimo ya barabara ya bandarini.

"Bado," alisema, na akampa kijana wa toleka ishara waende.