Faili Isiyoisha Wino

Mwanangu, niliwahi kuamini kwamba faili ya PDF ikifunguliwa ndani ya brauza ya intaneti inaisha wino. Usicheke. Au cheka kidogo, halafu unyamaze. Aliyeniambia ni mwenzangu wa masomo ya jioni kule Makina, Kibera, jamaa aliyeuza betri mchana: kila ukiifungua mle herufi zinafifia, na mara ya saba ukurasa unabaki mweupe kama sahani iliyooshwa. Nikalimeza neno hilo zima zima bila maji. Nilikuwa na cheti cha kompyuta ambacho mhuri wake haujakauka, na kwa maoni yangu Kawangware nzima ilikuwa imekaa ikiningoja.

Nilipata kazi ya kusimamia saiba, duka la intaneti, pale Kongo, Kawangware hiyohiyo. Mwenye ploti, yaani nyumba zile za kupanga, alikuwa amenunua kompyuta nne kuukuu, kila moja na uzito wa ng'ombe mjamzito, zikawekwa mfumo wa Linux kwa sababu ndio uliokubali kukaa ndani yake. Brauza ya pale ilifungua PDF yenyewe, mle mle, bila kumsumbua mtu. Mimi nikaingia kwenye mipangilio nikaikataza. Nikaamuru kila PDF ihifadhiwe kwanza kwenye kompyuta, kisha ifunguliwe na programu ya kando ya kusomea nyaraka. Ukutani nikabandika karatasi: HAPA HATUMALIZI WINO WA FAILI. Mteja akiuliza maana yake, nilimweleza mpaka chai yake ikapoa. Wengine waliondoka wameamini, Mungu anisamehe.

Siku moja akaingia Mama Akinyi, mama wa makamo, mpangaji wa Gatwekera, Kibera, aliyefua nguo za watu. Hakuketi kwanza. Aliuliza kwa sauti ya chini kama watu wa Kibera huja pale.

"Hapa Kongo?" nikamjibu. "Mama, mtu wa Kibera akifika hapa anahitaji pasipoti."

Akacheka, akaketi. Alikuwa amezipita saiba zote za kwao, akatembea kwa miguu mpaka kwangu, ili asisomewe begani na jirani. Hospitali ilikuwa imemtumia majibu ya uvimbe wa titi kwa barua pepe.

"Akinyi wangu ako Form Four," akaniambia. "Amebakisha wiki tatu tu za mtihani. Akimaliza, nitamwambia mwenyewe, na mdomo wangu. Si kabla."

"Hii imeingia kaburini, mama," nikamjibu, huku mkono wangu unaihifadhi faili yake kwenye kompyuta namba mbili.

Alisoma, akafunga barua pepe yake. Alinishukuru mara mbili. Faili ikabaki.

Sasa sikiliza jambo ambalo mimi, mwenye cheti, nilikuwa nikiliona kila siku bila kulitazama. Ile programu ya kando, ukiifungua, hukuonyesha picha ndogo za kurasa zilizosomwa karibuni, majina yakisomeka. Mteja anayefuata akiketi, zile picha zinamngoja. Siku mbili baadaye alikuja fundi wa mjengo kusoma tangazo la kazi. Nikamsikia akisema, "Ala! Si huyu ni mama wa ploti yetu?" Sikugeuka. Nilikuwa namhubiria mtu habari za wino.

Kesho yake alasiri msichana mwenye sare ya shule akasimama mlangoni.

"Sasa," akanisalimu. "Ni wewe ulisaidia Mama Akinyi?"

"Ni mimi kabisa! Msalimie sana."

"Mimi ndiye Akinyi. Leo asubuhi jirani ameniambia pole pale kwa mfereji. Nikamuuliza pole ya nini. Akaniambia yote, hata kwamba yalionekana hapa kwako, kwenye namba mbili, watu wakisikia. Alidhani najua."

Nikaanza kumweleza habari za wino. Nilianza kweli, mwanangu, mbele ya mtoto aliyevimba macho kwa kulia. Aliketi kwenye kompyuta namba mbili, akaifungua ile programu, akaniita nitazame. Ukurasa wa mamake ulikuwa pale. Pembeni yake barua ya mtu aliyefutwa kazi. Chini, karatasi za kesi ya talaka ya mama ninayesali naye kanisa moja. Aibu ilinipanda kutoka kwenye soli za viatu.

Akinyi akafuta ya mamake, akainuka, akaniambia maneno machache. Nitayafikia.

Jumapili nilikwenda Gatwekera kuomba msamaha. Mama Akinyi alikuwa akianika nguo. Nilisema yote, hata ya wino. Akakamua shati, akalitundika, akasema, "Nilitembea hiyo njia yote, kijana." Akachukua shati lingine. Alitibiwa, yu hai, na tukikutana ananisalimu vizuri kuliko ninavyostahili. Akinyi alifanya mtihani na habari ile kichwani. Alipita, lakini si kama ambavyo angepita bila hiyo, na mimi ndiye ninayelijua hilo kila nikimwona.

Kwa hiyo, mwanangu, shika hili. Kwenye kompyuta ya watu wengi, iache brauza ifungue PDF ndani yake, tena kwenye dirisha la faragha, na ukimaliza ulifunge. Kwenye kompyuta yako mwenyewe, kama ni kitabu kirefu au fomu ambayo brauza imeshindwa kuijaza, hapo hifadhi na utumie programu ya kando. Kabla hujachagua, uliza faili itabaki wapi na nani ataketi hapo baada yako. Na ukisikia neno tamu darasani, lijaribu kwanza kabla hujalibandika ukutani. Mimi ningefungua faili moja mara nane tu, ningejua.

Mungu akupe sikio jepesi na mdomo mzito, na siri za watu zikifika mkononi mwako, zipumzike.

Na haya ndiyo aliyoniambia Akinyi, akiwa mlangoni, bila hasira, kama mtu anayemsomea babu yake maandishi ya dawa:

"PDF haina wino. Ungeifungua kwa brauza na ufunge, mtu wa pili hangeikuta. Wewe ndiye uliihifadhi."