Yaki wa Nadhiri

Ngodup wa kijiji cha Tarkyu alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kuuliza baadaye, na mpaka mwaka ninaousimulia hakuwa na adui yeyote, labda mbwa wa jirani. Kazi yake ilikuwa yaki, wale ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu. Baba yake alivusha chumvi kwa yaki, na babu yake vilevile. Siku hizi chumvi inaletwa na malori, basi Ngodup akawa anavusha mizigo ya wageni. Wageni wenyewe hawabebwi, wanatembea na fimbo mbili mbili kama panzi. Kinachobebwa ni vitu vyao, na vitu vyao, jamani, ni vingi. Safari inaanzia chini kwenye misonobari, inapanda siku baada ya siku mpaka miti inakwisha, halafu nyasi zinakwisha, halafu pumzi nayo inaanza kutumiwa kwa kubana. Ukishavuka kipito cha juu, pale njia inapopenya kati ya vilele, ndipo unateremka kwenye mabonde ya upande wa pili, kwa watu wanaopika chai ya siagi kama sisi ila wanazidisha chumvi.

Rafiki yake alikuwa Dhargye. Walichunga pamoja tangu wakiwa watoto, wakilala chini ya blanketi moja la manyoya, na walipokua wakaswaga yaki pamoja. Kisha Dhargye akashikwa na ugonjwa wa mapafu. Dawa za hospitali ya wilaya zilimpunguzia homa, lakini kikohozi kikabaki kama mpangaji asiyetaka kuhama. Mkewe, Palzom, akaenda kwa lama, mtawa wa dini yetu, na lama akamwambia kile ambacho kila mtu kwetu angemwambia: mwachie mnyama huru kwa niaba yake. Uhai unaouokoa unaurefusha ule unaouombea.

Palzom akauza mkufu wake wa mawe ya feruzi na kwenda kwa Ngodup kununua yaki. Ngodup alimtolea Nyota, yaki wake wa mbele, anayefungua njia, mweusi mwili mzima isipokuwa doa jeupe katikati ya paji. Alitaka kumtoa bure.

"Nadhiri ya bure si nadhiri, shemeji," Palzom akasema. "Taja bei, tena bei ya kweli."

Wakamtoboa Nyota sikio, wakamfunga shada la nyuzi nyekundu, wakampaka siagi kwenye pembe, na lama akasema maneno: hutachinjwa, hutabebeshwa, hutanyolewa, mpaka siku yako mwenyewe ifike. Dhargye alikuwa ameegemezwa ukutani na blanketi mabegani. Akamtazama Nyota, akasema, "Sasa tuko wawili kijiji kizima tusiofanya kazi. Watatuonea wivu."

Tangu siku hiyo, kila Ngodup alipoteremka kutoka malisho ya juu, alikoachiwa Nyota, swali la Dhargye lilikuwa moja tu. "Mwenzangu yukoje huko?" Akijibiwa kwamba anakula vizuri, na yeye alikula. Palzom aligundua hilo mapema, akawa anamsubiri Ngodup aje kwanza ndipo apakue uji wa shayiri.

Vuli ilipoingia, Ngodup akapata msafara mkubwa. Mkuu wa msafara alikuwa kijana wa mabonde ya chini aitwaye Prem, hodari, mwenye haraka, ambaye alizungumza na milima kana kwamba imechelewa kufika kazini. Walipofika malisho ya mwisho chini ya kipito, yaki mmoja wa Ngodup akaanza kuchechemea. Jiwe lilikuwa limemwingia katikati ya kwato, na mguu ukavimba. Ngodup akamshusha mzigo, akamwacha ajilambe.

Prem akaja akakuna kichwa. "Sasa?"

"Sasa tugawe mzigo wake kwa wengine."

"Hao wengine wamejaa mpaka masikioni. Na wingu unaliona lile? Tusipovuka kesho hatuvuki. Ukishindwa, usiku huu nitapeleka mtu kijiji cha bondeni akodi yaki wa watu wengine, na hao ndio watakaomaliza safari na mimi." Akatupa macho mteremkoni. "Na yule pale? Mnene hivyo kama mkwe wa tajiri."

Alikuwa Nyota, amelala kwenye jua, anacheua.

"Yule ana mwenyewe," Ngodup akasema.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Nyumbani. Mgonjwa."

"Basi hamhitaji leo. Kuvuka na kurudi tu, kaka. Nani atajua?"

Ngodup alicheka. Ndiyo ilivyokuwa tabia yake, na safari hii kicheko kilimponza, maana Prem alikichukua kuwa ndiyo, akaondoka kwenda kuwaambia wageni kwamba mambo yamekaa sawa. Ngodup akabaki amesimama na tandiko tupu mkononi. Angeweza kumfuata Prem na kumwambia hapana. Hakumfuata. Alijiambia kwamba nadhiri ni ya maisha yote na hii ni ya siku chache. Alijiambia pia kwamba Nyota amelala mno, atapata maradhi. Mtu akitaka kukosea, sababu hazimwishii.

Akapiga mluzi.

Kumshika yaki aliyezoea uhuru ni kazi ya wanaume kadhaa na kamba, na wengine hurudi nyumbani na mbavu zimevunjika. Nyota alinyanyuka aliposikia mluzi tu. Alikuja mbio ndogo, akasimama mbele ya Ngodup palepale alipokuwa akisimama miaka yote, akageuza ubavu. Ngodup alilifungua lile shada la sikioni, akalitia kifuani ndani ya vazi lake, na kumtandika.

Mzigo wenyewe alikuwa hajautazama. Akautazama alipokuwa akiufunga. Ulikuwa ni meza ya kukunja ya kulia chakula, viti vyake, na lile hema jembamba refu ambalo wageni wanalisimamisha mbali kidogo na wengine, la choo. Akauliza kama meza haiwezi kuachwa. Prem akasema meza iko kwenye mkataba.

Kesho yake wakapanda. Theluji mpya ilikuwa imeshuka juu, laini na yenye kina, na yaki wengine wakagoma, wakawa wanazunguka na kukoroma. Nyota akatangulia bila kuambiwa. Aliipasua theluji kwa kifua, akifuka mvuke, na wengine wakaingia kwenye njia yake mmoja mmoja. Ngodup aliwahi kusema kwamba katika yote yaliyotokea, jambo linalomsumbua zaidi ni hilo: alifurahi. Alimtazama yaki wake wa zamani akifungua njia, na kwa muda mrefu wa kupanda alisahau kabisa Dhargye ni nani.

Alikumbuka kipitoni. Pale juu kuna rundo la mawe na vitambaa vya dua vinavyopigwa na upepo, na kila anayefika huongeza jiwe lake na kuipazia miungu sauti kwamba ndiyo iliyoshinda. Wote walipaza. Hata Prem, ambaye miungu yake ni mingine. Ngodup alifungua mdomo, sauti haikuja. Akaweka jiwe kimyakimya kama mtu anayerudisha kitu cha wizi.

Jioni, upande wa pili, alipomshusha Nyota mzigo, aliona tandiko limemla ubavuni. Ngozi ilikuwa imechubuka, mbichi, pana kama kiganja. Akampaka siagi. Nyota alisimama kimya, akimpumulia shingoni.

Waliporudi malishoni siku zilizofuata, alimfunga tena shada lake sikioni, akalivuta mara mbili kuhakikisha, akamfukuza. Nyota hakuenda mbali. Alisimama akingoja kazi nyingine.

Nyumbani alimkuta Palzom mlangoni, macho mekundu.

"Afadhali umerudi, shemeji. Alizidiwa mno. Kuna siku damu ilitoka mpaka nikawaita majirani. Nikasema leo ndiyo basi."

Ngodup hakuuliza ni siku gani. Aliliogopa jibu. Akaingia ndani, akainama karibu na moto wa samadi, na Dhargye akafungua macho.

"Mwenzangu yukoje?"

"Anakula tu," Ngodup akasema.

"Amenenepa?"

"Amenenepa."

"Mwambie apunguze. Watu watasema tunashindana."

Ngodup akacheka, akatoka nje kabla hajaulizwa jingine.

Siku chache baadaye Palzom alipanda malishoni kumpaka Nyota siagi kwenye pembe, kama afanyavyo kila mwezi. Aliporudi hakwenda kwake. Alimkuta Ngodup kwenye mfereji wa maji, akaweka ndoo yake chini.

"Ubavu wa Nyota umechubuka," akasema. "Na mwamba hauchubui mstatili."

Ngodup alianza kujieleza: yaki aliyechechemea, wingu, Prem. Palzom alimsikiliza mpaka maneno yakaisha yenyewe.

"Nitamwambia Dhargye leo hii," Ngodup akasema. "Nilikuwa nakwenda kumwambia."

"Hutamwambia."

"Shemeji, siwezi kukaa naye nikamtazama."

"Utakaa naye na utamtazama. Yule mtu anakula kwa sababu Nyota anakula. Anaamka kwa sababu Nyota ameamka. Wewe unataka kwenda kumwagia hayo kifuani ili wewe ulale usingizi?" Akachukua ndoo. "Utakuja kila siku kama ulivyozoea. Akikuuliza, utamjibu. Na ukicheka, cheka vizuri, maana ana masikio."

Basi msimu wote wa baridi Ngodup alikwenda. Wanakijiji tulimsifu: huyo ndiye rafiki, tukasema, theluji imefika madirishani na bado anakwenda. Alikonda. Mkewe alidhani ugonjwa wa mapafu umemhamia. Palzom alimpokea kila mara kwa chai na hakumwambia neno la ziada. Na kila mara swali lilikuja, na kila mara alijibu, akiongeza vijambo vidogo ambavyo Dhargye alivipenda: leo alipigana na yaki wa kina fulani, leo alilala juu ya mwamba. Mengine yalikuwa kweli.

Sijui niseme ni dawa, au siagi, au nadhiri iliyovunjika ikaunga yenyewe. Barafu ya mtoni ilipoanza kupasuka Dhargye alikuwa amekaa nje, kwenye jua, anawakaripia kuku. Na siku moja akasema anataka kwenda kumwona Nyota kwa macho yake.

"Kuna upepo," Palzom akasema.

"Nimezaliwa kwenye upepo. Ngodup ataniongozea farasi."

Palzom akamtazama Ngodup. Hakukuwa na la kufanya.

Mwenye kufuga anajua: jeraha la tandiko likipona, manyoya yanayoota juu yake hayaoti rangi yake ya zamani. Kwenye ubavu mweusi wa Nyota palikuwa na baka jeupe, la mstatili, linaonekana toka mbali. Dhargye alishuka kutoka kwa farasi taratibu. Alimsogelea yaki akimsemesha, akaweka kiganja juu ya ule weupe, akakiacha pale.

"Tandiko," akasema.

"Ndiyo."

"Lini?"

"Vuli. Na wale wageni."

"Alivuka?"

"Alivuka. Ndiye aliyetangulia."

Dhargye akatikisa kichwa polepole. "Alibeba nini?"

"Meza."

"Meza ya nini?"

"Ya kulia. Ya kukunja. Na viti vyake."

"Hivyo vilikuwa upande ule. Upande huu?"

Ngodup alitazama chini. "Hema."

"La nani?"

"La choo."

Dhargye alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akamwegemea Nyota kwa mikono miwili, na Ngodup akasogea kumshika, naye akamzuia kwa kiganja. "Mke wangu kauza feruzi za mama yake," akasema alipopata pumzi, "ili uhai wangu ukabebe choo cha wageni." Akajifuta macho. Kisha kicheko kikaondoka usoni, hakikurudi. "Palzom anajua?"

"Tangu vuli. Alinikataza nisikuambie."

"Alifanya vizuri. Wakati ule ungeniua." Alichambua manyoya ya Nyota kwa vidole. "Ungeniomba, Ngodup."

"Hapakuwa na nafasi. Wingu lilikuwa..."

"Njia ya kutuma mtu ilikuwepo. Nilikuwa nimelala, sikuwa nimekufa. Ungeniomba, ningesema mchukue. Ningelala pale nikimfuata hatua kwa hatua, mpaka juu, mpaka upande wa pili. Mimi sitavuka tena kile kipito, unajua. Ilikuwa zamu yangu ya mwisho, na wewe ukanivusha kama gunia, bila hata kuniambia."

Ngodup alimpandisha farasini, akashika kamba, wakaanza kuteremka. Alitamani atukanwe. Tusi lingekuwa na mwisho. Dhargye hakumtukana, alikuwa anatazama juu, kule theluji ilikobaki.

Walipofika mtoni, farasi akasimama kunywa.

"Theluji ilikuwa ngumu au laini?" Dhargye akauliza.

"Laini. Ilimfika kifuani."

"Anza tangu malishoni. Usiruke kitu."

Ngodup akaanza. Alieleza mguu uliovimba, alieleza wingu, alimweleza Prem na haraka zake. Alipofika pale alipopiga mluzi, na Nyota akaja mwenyewe, akageuza ubavu, alikwama. Dhargye alikaa juu ya farasi, akingoja, wala hakumsaidia kwa neno lolote.